Nukta Yenye Duara

Jambo la mwisho la kawaida lililotokea katika nyumba ile lilikuwa kuzimwa kwa taa ya jikoni. Mke alikuwa uani, ameinamia darubini ya macho mawili iliyofungwa juu ya miguu mitatu ya kupimia ardhi, akasema bila kugeuka, "Mwenzangu, nizimie hiyo taa, inanila macho." Mume akazima. Baadaye kidogo mke akaingia akipapasa ukuta, akaweka karatasi ndogo chini ya kopo la sukari na kusema, "Nimeitilia duara ile ninayoishuku. Kesho tutaona." Wakala, wakalala. Kesho yake mchana mke alianguka dukani kwake, akiwa ameshika miwani ya mtu mkononi, na kabla jua halijazama alikuwa ameshaaga dunia.

Kijiwe cha kahawa kilikuwa pale barabara ya lami inapokutana na uchochoro wa maduka, upenuni mwa banda la fundi cherehani. Palikuwa na benchi moja refu, mguu wake mmoja umefungwa waya, na stuli mbili zilizokwisha kuchoka kubeba watu. Fundi mwenyewe walimwita Sindano, kwa wembamba wake, na kwa kuwa neno lake halikuacha kuchoma. Breki alikuwa dereva wa lori aliyestaafu, mnene, mwenye tabia ya kusimamisha maongezi ya wenzake ili aanzishe yake. Muuza kahawa walimwita kwa jina la chombo chake, Birika. Alikuwa na jiko la mkaa, vikombe vidogo visivyo na mikono, na kibali alichojiandikia mwenyewe cha kudakia kila hoja. Wa nne alikuwa Mpima, mume wa marehemu, aliyesomea upimaji wa ardhi chuo kikuu na kuufanya maisha yake yote, mtu wa maneno machache yaliyonyooka.

Hapo kijiweni palisemwa kila kitu: bei za vitu, mpira, ndoa za watu, maradhi ya wakubwa. Jambo moja tu halikusemwa. Tangu mazishi, hakuna aliyemtaja shemeji yao mbele ya Mpima. Alipofika walimsogezea nafasi pana kuliko aliyoihitaji, kana kwamba bado amekuja na mtu, kisha wakapaza sauti kuzungumzia mambo ya mbali. Duka la miwani la marehemu lilikuwa milango michache kutoka hapo, limefungwa, na wote watatu walikuwa wamejifunza kukaa kwa namna ya kuligeuzia mgongo. Mpima alilijua hilo. Hakuwalaumu. Alikunywa kahawa yake, akasikiliza habari za mpira asioupenda, akarudi nyumbani ambako taa ya jikoni ilikuwa ikiwaka usiku kucha, kwa sababu tangu siku ile hakuwa ameweza kuizima.

Jioni hiyo, jua likiwa limezama lakini anga bado lina rangi ya majivu, alifika akiwa amebeba miguu mitatu begani na mkoba wa ngozi shingoni. Akaisimamisha kandokando ya benchi, akaikaza skrubu moja moja.

— Mpima, Breki akasema, kama barabara inapita hapa sema tu. Usitupime kwa siri kama maiti.

— Na kama inapita, Sindano akadakia, waanzie upande wa Birika. Mimi nina oda ya sare za shule.

— Sipimi chochote, Mpima akajibu. Nimekuja kuazima macho yenu.

Akawaeleza kwa ufupi. Jicho lake la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, na la kushoto lilikuwa likielekea huko huko. Mkewe alikuwa amemshauri akafanyiwe upasuaji, naye akawa anajibu mvua zikipungua, kazi ikipungua. Sasa nyota kubwa aliziona. Ndogo zilimjia kama unga uliomwagika sakafuni. Kuielekeza darubini mahali alipopataka aliweza, kwa sababu alipajua kwa kipimo kutoka nyota kubwa mbili. Kuona kilichomo, hapana.

Kisha akasema, bila kubadilisha sauti, kwamba shemeji yao alikuwa akitafuta jiwe fulani huko juu, na kwamba siku ya mwisho alichora alichokiona. Akatoa mfukoni kile kikaratasi. Kilikuwa chepesi na cheupe, cha aina ile ambayo marehemu alifungia lenzi. Ndani ya duara kubwa lililochorwa kwa kufuatisha kitako cha kikombe zilikuwamo nukta, kubwa kwa nyota kali, ndogo kwa nyota dhaifu, na mojawapo, pembeni kidogo ya katikati, imezungushiwa duara dogo.

Neno "shemeji" lilipotajwa, Birika aliacha kupepea mkaa. Breki akatazama viatu vyake. Mpima akangoja kidogo, kama mtu anayengoja bilauri ya maji itulie, kisha akaendelea kuzungumzia jiwe.

Akawaambia kwamba kati ya Mirihi na Mshtarii kuna ukanda wa mawe yanayolizunguka jua kama sayari, makubwa kwa madogo, mengi mno. Hilo moja, liitwalo Vesta, ni kubwa kiasi kwamba lori lingeendeshwa kutwa nzima kutoka ncha hii hadi ile. Halina mwanga wake. Linaturudishia wa jua. Kwa darubini ndogo linaonekana kama nyota, halina tofauti yoyote na nyota.

Hapo kijiwe kikapata pumzi. Jiwe lilikuwa jambo la mbali, na mambo ya mbali walikuwa na mazoezi nayo.

— Kutwa nzima? Breki akauliza. Na mzigo au tupu?

— Tupu.

— Basi nitakuambia hayo mawe yametoka wapi, na usinibishie, maana mimi nimekaa barabarani kuliko ulivyokaa darasani. Hiyo ni ajali. Ukikuta vipande vimetawanyika njiani, usiulize vipande, uliza nani alikuwa analazimisha kupita. Mshtarii ni gari kubwa. Mirihi ni kagari kadogo. Katikati palikuwa na sayari imezidisha mzigo, na Mshtarii hakuwasha taa ya pembeni.

— Na trafiki alikuwa wapi? Birika akauliza.

— Trafiki ni mwezi. Unadhani kwa nini amejibanza huku kwetu? Anakwepa kutoa ushahidi.

Sindano akacheka kwa pua, akaendelea kung'oa uzi kwenye kola ya shati lililokuwa mapajani mwake. Yeye alisema kwamba wote wawili waliongea kama watu wasiowahi kushika mkasi. Sayari zilikatwa kutoka jora moja, na palipokatwa lazima pabaki vipande, vya kwapani, vya shingoni, na mwenye akili havitupi, anavitia kwenye kiroba akisubiri siku vitakapotosha kitu. Birika akataka kujua vitatosha kitu gani. Sindano akafikiri kwa dhati, akasema mfuko wa suruali, basi.

Birika hakukubali kuachwa nyuma. Akavuta stuli karibu na kushusha sauti. Alikuwa na habari za uhakika kutoka kwa mteja wake mmoja, ambaye shemeji yake alifanya kazi mahali. Mawe yale, alisema, yamejaa dhahabu, na wenye fedha wameshayagawana. Wanatengeneza kamba ya kuyavuta. Jiwe likishafika huku, dhahabu itakuwa rahisi kuliko mkaa, wanawake watavaa shaba kwa ajili ya kujionyesha, na mkaa utawekwa kabatini kwa funguo.

— Yameshagawanywa na nani? Mpima akauliza. Nani aliyepima mipaka?

Birika akamtazama kwa huruma.

— Ndiyo maana nakuuliza wewe. Leo umeleta miguu mitatu, halafu unajifanya hujui.

Mpima akatabasamu. Ilimshangaza mwenyewe, uso ulimkaza kama nguo iliyoanikwa ikasahaulika. Wenzake wakaliona lile tabasamu na kufurahi kwa siri, na furaha hiyo ndiyo iliyowaponza baadaye.

Giza likawa limeingia. Nyota zile za kwenye karatasi, ambazo mkewe alizitazama zikiwa zinapanda watu wakijiandaa kulala, sasa zilikuwa juu mapema, na kila wiki zilizidi kusogea magharibi. Zingekuwa za kuonekana vizuri kwa wiki chache tu kabla hazijaanza kuzama pamoja na mwanga wa jioni, na baada ya hapo angengoja mwaka. Ndiyo maana alikuja leo.

Na kitu alichokuja kukitafuta kilikuwa kimoja. Yeye na mkewe walikuwa na mtindo wao. Yeye alielekeza, mkewe alitazama na kuchora. Siku nyingine wakatazama tena mahali pale pale na kulinganisha, kwa kuwa nyota hazibanduki zilipo, hutazamana vile vile miaka nenda rudi, ila jiwe linatembea. Ile nukta ambayo haipo tena mahali pake, hiyo ndiyo. Misimu kadhaa walikuwa wamelikosa. Mara mawingu, mara taa za jirani, mara moja mkewe alishangilia nukta ambayo kesho yake waliikuta imekaa pale pale, nyota tu kama nyota nyingine, akajicheka mpaka akakaa chini. Mwanamke huyo alitumia maisha yake kuwawezesha watu wengine kuona, na kwa ajili yake mwenyewe alitaka kuona kitu hicho kimoja. Sasa kikaratasi kilikuwa na upande mmoja tu wa hesabu. Kama nukta yenye duara bado ipo, basi ilikuwa nyota, na mkewe aliondoka bila kuliona jiwe lake. Kama pale ni patupu, aliliona.

Hilo Mpima hakuwaambia. Kazini alijifunza tangu ujana kwamba ukimwambia msaidizi wako kipimo unachokitarajia, atakusomea hicho hicho, hata kama hana nia mbaya. Kwa hiyo alisema tu: tazameni nukta zilizomo, zilinganisheni na za karatasi, mniambie kama hii yenye duara ipo au haipo.

Akamwomba Sindano azime balbu ya banda. Sindano akazima. Kwa muda walikaa katika giza lililobaki na wekundu wa mkaa tu, na Mpima akahisi mkono wake umebaki hewani, kama kwamba ni yeye aliyebonyeza swichi. Akajishughulisha. Akainama, akaitafuta nyota kubwa ya kwanza, ya pili, akashuka kwa kipimo alichokijua, akakaza skrubu.

Breki alitangulia. Alisogea na tumbo lake kwa uangalifu asiguse chombo, akapandisha miwani yake kwenye paji la uso, akaiteremsha tena, akapandisha. Alikaa hapo muda mrefu, akihema.

— Naiona, akasema.

— Yenye duara?

— Hiyo hiyo. Imekaa pale pale alipoiweka. Inawaka vizuri.

Mpima akasema, haya. Akairekebisha darubini, maana anga husogea wakati watu wanaongea, akampisha Birika.

Birika hakuchukua hata nusu ya muda huo.

— Ipo, akasema. Ipo bwana. Tena ndiyo inayong'aa kuliko zote. Ukiitazama sana unaona kama inakutazama.

— Si nilisema, Breki akaunga. Na mimi niliona hivyo, sikutaka tu kusema.

— Ina rangi kidogo, Birika akaendelea, akiwa ameshachanganya mwendo. Kama ya chai iliyotiwa maziwa. Na haitikisiki. Nyingine zinatikisika. Hiyo imetulia, kama mtu aliyefika kwake.

Mpima alisikiliza mpaka mwisho. Alikunja kikaratasi kwenye mkunjo wake wa zamani, akakikunjua. Mtu asiyemfahamu asingeona kitu usoni mwake. Aliwaza tu kwamba sasa hata hilo, na kwamba angekuwa na akili asingekuja. Angeliacha jambo likae chini ya kopo la sukari, nusu nusu, ambako lilikuwa bado linaweza kuwa kweli. Binti yao, aliyekuwa amerudi kazini kwake mji mwingine, angepiga simu Jumapili na kumuuliza amekula nini, naye angemjibu. Hakungekuwa na mtu wa kumwambia kwamba mama yake alikosea nukta.

— Basi, akasema. Ahsanteni. Nifungue chombo niondoke.

— Na mimi je? Sindano akauliza. Au mimi macho yangu ni ya vifungo tu?

Mpima hakutaka, lakini hakujua namna ya kukataa. Akamwelekezea. Sindano alivua miwani yake, ile ya kutungia uzi, akaiweka mfukoni. Akachukua kurunzi ya Birika, akaifunga kipande cha bitana nyekundu ili isimwondolee giza machoni, jambo ambalo hakuna aliyemfundisha, akaishika nyuma ya kikaratasi na kuanza kulinganisha. Alitazama juu, akatazama chini. Akatazama juu tena. Akasonya.

— Hapa hakuna hata moja iliyo mahali pake.

— Sindano, Breki akasema taratibu.

— Nasema ninachokiona. Hii kubwa iko kushoto, huku juu iko kulia. Hizi tatu zimegeuka. Shemeji alichora mbingu nyingine.

— Sindano. Breki akamkanyaga mguu, na kwa kuwa kulikuwa na giza alikanyaga na wa benchi, benchi likalia.

Mpima akanyoosha mkono, akagusa karatasi, akaelewa. Fundi alikuwa ameishika kinyume. Chaki ya fundi cherehani hupigwa upande wa ndani wa kitambaa, na maisha yake yote Sindano alikuwa akisoma michoro kutoka nyuma. Alipoona nukta zinapenya kwenye karatasi nyepesi mbele ya kurunzi, akaona huo ndio upande wake. Mpima akaigeuza. Sindano akasema ala, kwa sauti ya mtu aliyeshona mkono wa kulia begani kushoto, akainama tena.

Safari hii alikwenda polepole. Walimsikia akihesabu kwa midomo kama anavyohesabu vifungo. Hii ipo. Hii ipo. Hizi tatu, sawa. Hii ndogo, ipo, kwa shida lakini ipo. Kisha akarudia tangu mwanzo.

— Mpima, akasema bila kuinua kichwa. Zote zipo. Isipokuwa hiyo yenye duara. Hapo hapana kitu.

— Umechoka, Birika akamwambia. Macho yako umeyamaliza kwenye sare.

— Hapana kitu, nakuambia. Iko nyota huku, iko nyota huku, na katikati ni kweupe. Nataka kusema ni kweusi.

— Si umwonee mwenzio huruma, Breki akanong'ona, kwa sauti ya dereva wa lori, ambayo hainong'oniki.

Mpima akamshika Sindano bega.

— Sema tena.

— Hapana kitu.

— Una hakika? Sio kwamba ni dhaifu?

— Ile dhaifu nimeiona. Hapa ni patupu. Ningekuwa nashona, ningesema kifungo kimeng'oka, tundu lipo.

Mpima alikaa kwenye benchi. Alikaa pale alipoachiwa nafasi pana. Kisha akauliza, kwa upole uliowatisha zaidi kuliko kama angefoka, kama Breki na Birika waliiona kweli.

Breki alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati, akaivaa.

— Tulidhani unataka tuione, akasema. Umekuja na karatasi yake. Mtu atakuambiaje haipo?

— Na wewe Birika? Rangi ya chai?

— Mimi hata hizo nyingine sikuziona, Birika akakiri. Nilikuwa nimeinamia birika kabla, macho yalikuwa na mvuke. Niliona kama maji ya dobi.

— Ingekuwa bado ipo, Mpima akawaambia, ningekuwa nimerudi nyumbani na hasara.

Ndipo akawaeleza: nyota haihami, jiwe linahama, na patupu pale ndipo palipokuwa na jiwe siku ile. Alieleza kwa sentensi fupi, akikagua kila moja kabla ya kuitoa. Alipofika mwisho, kwamba basi mkewe aliliona, sauti ilimkatikia katikati ya neno, akalimalizia neno lile peke yake, baadaye, kama mtu anayerudi kuchukua kitu alichokidondosha.

Kisha Breki akasema kwamba basi naye haioni, haikuwepo, tangu mwanzo hakuiona, na kama ushahidi wake bado unapokelewa aandikwe hivyo. Akatazama tena ili awe na haki ya kusema. Akakaa hapo muda mrefu. Akiwa bado ameinama, mgongo wake ukiwa kwao, akaanza kuzungumza.

— Siku aliponipima macho aliniuliza, shemeji, ulikuwa unaendeshaje? Nikamwambia kwa uzoefu. Akasema, hapana, ulikuwa unaendesha kwa kukumbuka. Akanivalisha hii. Nikatoka nje, nikaona mti una majani. Moja moja. Nikarudi ndani nikamwambia, akacheka.

— Alikuwa na kicheko, Birika akasema.

— Alinirudishia kazi, Sindano akasema. Nilikuwa nimeshaanza kuwaomba wateja wanitungie uzi.

Wakaendelea hivyo kwa muda, bila mpangilio, kila mmoja na chake, nao hawakupaza sauti wala hawakuenda mbali. Mpima alisikiliza. Mengine hakuwahi kuyasikia. Hakujua kwamba mkewe alikuwa akipita kwa Birika asubuhi kabla ya kufungua duka, akanywa kikombe kimoja amesimama, akasema usimwambie mzee, ameniambia nipunguze. Birika akainua birika amjazie Mpima, likatoa tone, likatoa sauti ya utupu.

— Imekwisha, akasema.

Wakati huo bibi mmoja alitokea upande wa uchochoro, mkoba wa plastiki mkononi, akitembea kama mtu anayehesabu mashimo kwa miguu. Alikuwa amevaa miwani kuukuu iliyofungwa uzi, imepanda upande mmoja mpaka karibu na nyusi. Wakamwamkia, akaitikia marahaba wanangu, akasimama mbele ya mwanga wa mkaa.

— Samahanini. Yule mama wa miwani kahamia wapi?

Breki akainuka kwenye darubini. Birika akashika pepeo lake.

— Ni mara ya pili nakuja. Nilikuwa kwa mwanangu mbali, nimerudi nakuta pamefungwa, hata kikaratasi mlangoni hakuna. Aliniambia yangu iko tayari. Hili sikio langu liko chini kuliko hili, kila miwani inanipanda. Yeye akanipima kwa uzi, akasema ataupinda mkono mmoja mpaka itulie. Kwa mwingine siendi. Kahamia mbali?

Aliuliza akiwatazama mmoja mmoja. Watu hawa, ambao muda si mrefu uliopita walikuwa wanajua nani aliyeigonga sayari, na vipande vyake vitatosha kushona nini, sasa walitazama mkaa. Sindano alimtazama Mpima. Mpima alifumbua mdomo. Ile sentensi aliijua, aliisikia ikisemwa na shehe, na shemeji zake, na binti yake kwenye simu. Yeye mwenyewe hakuwahi kuitamka. Haikutoka.

Bibi akangoja, kisha akatikisa kichwa.

— Labda mnaficha, anadaiwa kodi. Si neno. Nitapita kesho asubuhi. Mkimwona mwambieni ni yule wa sikio.

Akaondoka akipapasa njia yake. Sindano hakuwasha balbu mpaka alipokuwa ameshapotea.

Walimsindikiza Mpima hadi mlangoni, wote watatu, Breki amebeba miguu mitatu. Ndani, Mpima alirudisha kikaratasi chini ya kopo la sukari. Alisimama jikoni kidogo, akazima taa, akaenda kulala akipapasa ukuta.

Asubuhi alichukua funguo kwenye msumari, akaenda kufungua duka. Mlango uligoma, ukakubali. Ndani palikuwa na harufu ya vumbi na ya kimiminika kile cha kusafishia lenzi, harufu ambayo kwa miaka mingi aliamini ni ya mikono ya mkewe. Alifungua madirisha. Akafuta kioo cha kaunta kwa kitambaa, akavuta droo ya miwani iliyokuwa tayari, kila moja ndani ya kijifuko alichokishona Sindano, nayo haikuwa na majina, kwa kuwa mkewe aliwajua watu wake kwa nyuso. Akaanza kuitoa, moja moja, akiifungua mikono na kuiweka juu ya kioo kilichonyooka. Kisha akapiga magoti, akaweka jicho lake la kushoto usawa wa kaunta, kama alivyozoea kuliweka kwenye chombo chake. Miwani yote ilikaa sawa. Moja tu, ya fremu ya kahawia, iliinua kona.

Aliichukua hiyo, akaipangusa, akakaa kwenye kiti cha wateja na kungoja. Bibi alipoingia, Mpima akamwamkia, akasimama.

— Mama, akasema, yule uliyemuulizia alikuwa mke wangu. Amefariki.

Bibi akaweka mkoba chini. Alimshika mkono, akaushikilia. Baada ya muda akavua miwani yake ya uzi, akamtolea uso. Mpima akamvalisha ile ya kahawia, mkono ulionyooka sikio la juu, uliopindwa sikio la chini. Akarudi nyuma, akafumba jicho la kulia, akatazama.

Ilikuwa imekaa sawa.